Kache imerudisha kasi ya kompaila, majaribio yamepita: je, iingie kwenye toleo la wiki ijayo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninachangia kompaila ya chanzo huria, yaani programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa msimbo wa mashine. Mwezi uliopita tulirekebisha kosa lililokuwa likizalisha msimbo wa mashine usio sahihi kwenye baadhi ya vitanzi (sehemu za programu zinazorudiwa mzunguko baada ya mzunguko). Tangu hapo mradi mmoja mkubwa, uliokuwa ukikompailiwa kwa dakika tatu, unachukua karibu nne. Nimepata dawa: nahifadhi kwenye kache, hifadhi ya majibu yaliyokwisha kupatikana, majibu ya ule uchambuzi unaouliza kama viashiria viwili (anwani za kumbukumbu) vinaweza kugusa sehemu moja ya kumbukumbu. Kasi imerudi yote na majaribio yote yamepita. Toleo jipya linatoka wiki ijayo. Mkaguzi mmoja anataka tusubiri. Mwingine anasema watumiaji wamechoka, tuingize kache sasa, la sivyo tulitengue lile rekebisho la kwanza. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Msikilize anayesema msubiri, na lile rekebisho la kwanza lisiguswe. Nitakueleza sababu, kisha nikuonyeshe njia ambayo huenda ikakurudishia sehemu kubwa ya dakika hiyo moja wiki hii hii, bila kache inayoishi muda mrefu.

Kabla ya dawa yoyote ya mdororo wa kasi, uliza umeletwa na nini. Kama mtu alipanga upya msimbo wa ndani, au aliongeza kipengele ambacho bado hakuna anayekitegemea, na kompaila ikawa nzito, litengueni badiliko siku hiyo hiyo. Hakuna lawama, mwenyewe atalirudisha akishapata nafasi ya kulichunguza. Kutengua kwa namna hiyo kunawarejesha mahali mnapopajua na mnapopaamini. Kwenu hali ni tofauti. Kasi imeshuka kwa sababu kompaila imeanza kufanya kazi ambayo zamani iliiruka kimakosa. Zile dakika tatu hazikuwa kasi halali, kwani sehemu yake ilitokana na swali ambalo halikuulizwa. Mkitengua mnarejea kwenye kosa mnalolijua, na programu zitakazoharibika kuanzia siku hiyo zitakuwa zimeharibika kwa ridhaa yenu.

Hasara hizi mbili hazilingani hata kidogo. Anayesubiri dakika nne anajua kwamba anasubiri. Analalamika, anapima, na akishindwa kabisa anabaki na toleo la zamani. Aliyepewa msimbo usio sahihi hana habari. Hesabu yake inatoka pungufu kwenye rekodi moja kati ya maelfu, naye anatafuta kosa kwenye msimbo alioandika mwenyewe, anaandika upya sehemu ambazo hazikuwa na tatizo, na kompaila inakuwa kitu cha mwisho kabisa kushukiwa. Wakati anaigundua, imani yake kwenu imekwisha, na imani hiyo hairudishwi na toleo linalofuata.

Sisemi kwamba kuchelewa si madhara. Kompaila nzito huwafanya watu wapunguze kuendesha majaribio yao, na mwenye laptopu ya RAM ya GB 8 huumia mapema kuliko mwenye seva. Tena kuna kuchelewa ambako ni sawa na kuvunjika: faili iliyokuwa ikimalizika kwa sekunde mbili sasa haimaliziki, kwa sababu kazi inaongezeka maradufu kila kitanzi kinapowekwa ndani ya kingine. GCC, kompaila maarufu ya C na lugha nyingine, wana lebo maalumu ya kasoro za namna hiyo, kando na lebo ya msimbo usio sahihi, na wanafanya vizuri kuzitenga. Mngekuwa hapo ningekuambia jambo jingine. Lakini ongezeko la theluthi moja kwenye mradi mmoja linauma tu. Halijamzuia mtu kufanya kazi.

Sasa nikupe mfano ambao kila anayegusa kompaila anapaswa kuujua, wa lugha ya programu ya Rust mwaka 2021. Kompaila ya Rust huhifadhi kwenye diski matokeo ya kazi yake ili ukibadilisha faili moja isianze yote upya. Tangu toleo 1.24 la Februari 2018 utaratibu huo umekuwa wa kawaida kwa anayejenga programu akiwa kazini. Kila jibu lililohifadhiwa lina alama yake, namba ndefu inayotokana na maudhui ya jibu lenyewe, na kwa alama hizo kompaila huamua kipi kimebadilika na kipi bado kinafaa. Toleo 1.52.0, lililotoka tarehe 6 Mei 2021, liliongeza ukaguzi: jibu likitolewa kwenye hifadhi, alama yake ihesabiwe upya na kulinganishwa na ile ya zamani. Mara watu wakaanza kuona kompaila ikisimama ghafla kwa kosa la ndani. Ukaguzi haukuleta kasoro hizo. Zilikuwemo, kimya, na kila moja ingeweza kumfanya mtu apate programu iliyochanganya sehemu mpya na sehemu zilizopitwa na wakati.

Tazama njia zilizokuwa mezani. Wangeweza kuuondoa ukaguzi, na malalamiko yangekwisha jioni ile ile. Wangeweza pia kukimbizana na kasoro moja moja huku watumiaji wakiendelea kugonga ukuta. Walichofanya ni kutoa toleo 1.52.1 siku nne baadaye, tarehe 10 Mei, lililozima kabisa matumizi ya hifadhi hiyo kwa chaguo-msingi. Kila aliyekuwa akitegemea ujenzi wa haraka alirudi kusubiri. Aliyekuwa tayari kubeba hatari aliachiwa mlango, kigezo cha mazingira cha RUSTC_FORCE_INCREMENTAL, lakini ilimbidi aufungue mwenyewe, kwa hiari na kwa kujua. Hifadhi ilirudishwa kwenye toleo 1.54 mwishoni mwa Julai, kasoro zilizojulikana zikiwa zimeshughulikiwa. Na Februari 2022, katika toleo 1.59, kasoro nyingine ilipojitokeza waliizima tena, wakairudisha katika 1.60 mwezi Aprili.

Kwangu huo ndio mfano bora wa uamuzi huu, na nausifu bila kusita. Walikuwa na watumiaji wengi kuliko nyinyi, na mdororo walioukubali ulikuwa mkubwa kuliko dakika yenu moja.

Kuna jambo dogo ndani yake ambalo ningependa ulichukue. Kuhesabu upya alama ya kila jibu linalosomwa kwenye diski ni kazi ghali, na gharama hiyo ingekula faida ya kuhifadhi. Basi leo kompaila ya Rust, katika matumizi ya kawaida, hukagua sehemu tu: takribani jibu moja kati ya 32, na huchaguliwa kwa namba ya alama yenyewe, hivyo kosa likitokea linaweza kutokezwa tena. Anayetaka ukaguzi kamili ana swichi yake. Kwa hiyo hapo pia kasi ilipewa haki yake. Ukaguzi ulipunguzwa kwa kipimo kilichotajwa wazi ndani ya msimbo, pamoja na maelezo ya sababu. Anayesoma faili ile leo anajua kwamba kuna ambacho hakikaguliwi na kwa nini.

Turudi kwenye kache yako. Kache ni kiporo: hakina ubaya wowote mradi ujue kilipikwa lini na kilifunikwa vipi. Swali langu kwako si kama majibu uliyohifadhi ni sahihi. Yalikuwa sahihi yalipotolewa. Swali ni kama ufunguo wa kache yako umebeba kila kitu kilicholifanya jibu liwe sahihi.

Chukua kitanzi chenye viashiria viwili, kimoja kikiwa a + i na kingine a + i + 1, kila kimoja kikisoma au kuandika namba ya baiti nne. Katika mzunguko mmoja havigusani. Hilo ni hakika. Lakini kiashiria cha pili cha mzunguko huu ndicho cha kwanza cha mzunguko ujao. Kwa hiyo hatua ya uboreshaji (kazi ya kompaila inayoipa programu kasi) inayotaka kuhamisha uandishi wa data kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ikiuliza kuhusu viashiria hivyo hivyo viwili, jibu lake ni tofauti. Kama ufunguo wako ni jozi ya viashiria tu, hatua ya kwanza itahifadhi “havigusani” na ya pili italiokota jibu hilo. Umesema kosa mlilorekebisha lilihusu vitanzi. Sitashangaa kama kache hii inalirudisha kwa mlango wa nyuma.

Kuna na ukubwa. Ukisoma baiti nane badala ya nne, viashiria vile vile vinagusana ndani ya mzunguko mmoja. Kisha kuna hali inayowaponyoka hata wazoefu: kama ufunguo ni anwani ya amri ndani ya kumbukumbu ya kompaila, amri hiyo inaweza kufutwa, na amri mpya isiyohusiana nayo ikapewa anwani ile ile. Kache itajibu kwa niaba ya marehemu. Kosa la namna hiyo hutokea leo, kesho likapotea, kwa sababu linategemea jinsi kumbukumbu ilivyogawiwa.

Na ndiyo maana majaribio kupita hakunipi utulivu mkubwa. Majaribio mengi ya kompaila ni faili fupi zinazolenga jambo moja. Kwenye faili fupi kila swali huulizwa mara moja au mbili, kache inakuwa karibu tupu, na majibu yanatoka kwenye uchambuzi wenyewe kama zamani. Kache hufanya kazi kwa nguvu kwenye mradi mkubwa, pale ambapo hakuna jaribio linaloangalia matokeo kwa makini. Jaribu kuhesabu: katika majaribio yenu yote, kache imejibu maswali mangapi? Ikiwa ni machache, majaribio hayajaikagua kache yako hata kama yote ni ya kijani.

Wiki hii fanya hivi. Kwanza tafuta maswali hayo yanatoka wapi. Weka kihesabio katika uchambuzi, kompaili ule mradi mkubwa, uone ni hatua ipi ya uboreshaji inayouliza zaidi na kwenye funksheni ipi ya programu. Mara nyingi hatua moja au mbili ndizo zinazouliza sehemu kubwa, mara nyingine kwa kulinganisha kila amri na kila amri nyingine, kazi inayokua kwa mraba wa ukubwa. Kama ni hivyo, dawa iko kwenye hatua hiyo: ipunguziwe maswali, na uchambuzi ubaki ulivyo.

Ikiwa bado unahitaji kache, ifupishie maisha. LLVM, mradi wa kompaila unaotumiwa na lugha nyingi ikiwemo Rust, wana kitu kinachoitwa BatchAA, kache ya uchambuzi huu huu wa viashiria, na sharti lake limeandikwa juu ya msimbo wake: itumike tu pale ambapo programu inayokompailiwa haibadilishwi kati ya swali na swali. Hatua inaifungua, inauliza maswali yake, inaitupa. Sharti hilo linaondoa kwa mkupuo mmoja tatizo la amri zilizofutwa, na mkaguzi anaweza kulithibitisha kwa macho kwa sababu kuzaliwa na kufa kwa kache kuko kwenye ukurasa mmoja. Tatizo la mizunguko na la ukubwa yanabaki, kwa hiyo ukubwa uingie kwenye ufunguo, na swali linalovuka mizunguko lisipitie kwenye kache kabisa. Utapata kasi pungufu kuliko uliyonayo sasa. Ni sawa.

Njia nyingine ni kikomo. LLVM, katika muundo wake wa kufuatilia kumbukumbu unaoitwa MemorySSA, huacha kutafuta baada ya hatua 100 kwa kawaida na kusema haijui. Mimi napenda dawa ya namna hii kuliko kache, kwa sababu ikikosea inakosea upande salama: “huenda vinagusana” ni jibu ambalo halijawahi kuharibu programu ya mtu, linamnyima tu uboreshaji. Ila angalia mambo mawili. Kikomo ni salama pale tu ambapo “sijui” ni jibu salama. Kwenye ukaguzi wa aina za data, kukata tamaa na kuruhusu ni hatari. Huko kikomo lazima kiishie kwenye kosa, kama Rust inavyosimama na kulalamika ikifika kina cha 128 katika upanuzi wa makro na utatuzi wa aina. Pili, kikomo kinaweza kuifanya programu iliyozalishwa iwe nzito. Kwa hiyo pima pia kasi ya programu yenyewe pamoja na muda wa kuikompaili, usije ukahamisha gharama kutoka kwa mwandishi kwenda kwa mtumiaji wake bila kumwambia.

Kuhusu kupima, usitumie saa peke yake. Joto la mashine na programu nyingine zinazoendelea vinaweza kuficha badiliko la asilimia mbili au kulizua. Rust na LLVM hufuatilia kasi ya kompaila zao hasa kwa idadi ya amri zilizotekelezwa na prosesa, kwa sababu namba hiyo hutulia sana mtu akipima mara nyingi. Ndiyo inayotumika kwenye mfumo wa ufuatiliaji ambao Nikita Popov aliujengea LLVM mwaka 2020. Haina macho ya kila kitu, kwani msimbo unaosubiri kumbukumbu muda mrefu unaweza kuwa na amri chache na bado ukawa mzito. Itumie kugundua mabadiliko, kisha thibitisha kwa saa kwenye ule mradi mkubwa.

Ushahidi wa usahihi ndio ungenifanya nikubali rekebisho lako, na hapa una bahati ambayo wanaorekebisha mambo mengine hawana. Badiliko lililokusudiwa kuongeza kasi ya kompaila tu halipaswi kubadilisha kinachotoka. Basi kompaili miradi mingi kadiri unavyoweza, kwa kompaila ya kabla na ya baada, ulinganishe faili za mashine baiti kwa baiti. Zikifanana zote, mjadala wenu wa wiki nzima unapungua kuwa saa moja. Zikitofautiana hata faili moja, tofauti hiyo ielezwe hadi mzizi wake kabla ya kuendelea. GCC wamefanya jambo la jamaa yake kwa miaka mingi: kompaila hujijenga yenyewe kwa hatua tatu, na matokeo ya hatua ya pili hulinganishwa na ya tatu. Ukitumia kikomo, tofauti zitakuwepo na ni halali, lakini ziwe zile tu ambazo kikomo kilifikiwa. Kifanye kiandike kila kinapogonga ili uweze kuzitenganisha.

Kwa kache ongeza hali ya ukaguzi: ikiwashwa, kila jibu linalotoka kwenye kache lihesabiwe upya na kulinganishwa, na likitofautiana kompaila isimame. Iwashwe kwenye seva zenu za majaribio kila usiku. Kisha ilishe programu za kubahatisha. Csmith, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Utah kuzalisha programu za C bila mpangilio maalumu, iliripotiwa mwaka 2011 kuwa imegundua zaidi ya kasoro 325 ambazo hazikuwa zimejulikana, zikiwemo za GCC na LLVM, kompaila zilizokuwa na majaribio mengi na watumiaji wasiohesabika. Kama lugha yenu si C, hata kizalishaji rahisi cha vitanzi vilivyopandana kitakupa maswali ambayo hakuna binadamu angeyaandika.

Tahadhari moja nyembamba, kwa kuwa najua utajaribiwa kubadilisha na jedwali la hashi (jedwali linalopanga vitu kwa namba inayokokotolewa kutoka kwenye kila kitu) ukiwa humo. Hashi nyepesi ni dawa nzuri. Rust kwa miaka mingi ilitumia moja iliyotoka kwenye Firefox. Lakini hakikisha hakuna mahali panapotembea juu ya jedwali hilo na kutoa matokeo kwa mpangilio wake. Ukibadilisha hashi mpangilio unabadilika, na kompaila inayotoa faili tofauti kwa programu ile ile itakuharibia huo ulinganisho wa baiti unaoutegemea. Rust wana onyo la ndani linalomzuia mwandishi wa kompaila kufanya hivyo bila kujieleza.

Sasa mkaguzi wenu wa pili. Asipuuzwe, maana anasema kwa niaba ya watu wanaongoja. Mwambie kwamba watumiaji huvumilia kukosa kasi muda mrefu wakielezwa sababu. Rust ilikuwa ikiiambia LLVM kwamba rejeleo linaloruhusu kubadilisha data halishirikiani kumbukumbu na jingine, taarifa inayosaidia kuzalisha msimbo wa haraka. Kasoro ndani ya LLVM zikafanya taarifa hiyo ya kweli izae msimbo wa uongo, kwa kuwa programu nyingi za C hazikuwa zikiitumia kwa wingi kiasi hicho. Mwaka 2018 Rust wakaacha kuitoa, na haikurudi hadi 2021 walipohamia LLVM 12. Miaka ile yote programu za Rust zilikosa uboreshaji ambao lugha yenyewe iliustahili, na hakuna aliyeihama kwa sababu hiyo ninayemjua.

Kwa toleo la wiki ijayo, basi, andikeni waziwazi kwenye maelezo ya toleo: kosa gani limerekebishwa, lingeharibu programu za namna gani, na kwamba miradi yenye vitanzi vingi itachelewa kwa kiasi mlichopima. Kama ile kazi ya kupunguza maswali kwenye hatua moja itatoka ikiwa ndogo, yenye matokeo yanayofanana baiti kwa baiti, iingie. Ikihitaji siku chache zaidi, iende kwenye toleo linalofuata. Rust hutoa toleo kila wiki sita, na mpangilio huo husaidia hasa kwa jambo hili: aliyekosa zamu hii anajua nyingine ni lini, kwa hiyo hana sababu ya kulazimisha.

Ombi lako la kuunganisha lenye kache usilifunge. Ligeuze rasimu, ongeza ukubwa kwenye ufunguo, weka hali ya ukaguzi, na uiache ikiendeshwa kila usiku kwenye mradi wenu mkubwa. Ikikamata tofauti ya kwanza, niandikie pamoja na kile kitanzi kilichoisababisha; ningependa kuona ni kipi kilichokosekana kwenye ufunguo.